Yanayojulikana Katika Maswali ya Mwendo

Katika maswali ya mwendo wenye mchapuko usiobadilika, mambo yanayohusika ni matano: kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho, mchapuko, muda na umbali. Yakijulikana matatu, mawili yaliyosalia hupatikana kwa hesabu. Kwa hiyo mwanafunzi huagizwa aandike kwanza yanayojulikana, naye huenda akiokota tarakimu. Desturi hiyo ndiyo niipingayo, maana mara nyingi jambo la tatu halikuandikwa kwa tarakimu, bali limo ndani ya kitenzi.

Natutazame mfano: "Basi lililokuwa likienda mita 20 kwa sekunde lilifungwa breki, likasimama katika umbali wa mita 50." Tarakimu ni mbili tu. Jambo la tatu ni sifuri, nalo limo katika "likasimama": ndiyo kasi ya mwisho. Mchapuko basi ni hasi, mita 4 kwa sekunde kila sekunde. Sasa tuligeuze swali: "Basi lililokuwa limesimama liliondoka, likafikia kasi ya mita 20 kwa sekunde katika umbali wa mita 50." Kitenzi ni kile kile na tarakimu ni zile zile, lakini sifuri imehamia mwanzoni, na mchapuko umekuwa chanya. Penye -ka- pana tendo lililofuata. Penye -me- pana hali iliyokwisha kuwapo.

Wapo wasemao kwamba "kusimama" ni neno lenye utata, halifai sayansi, heri tuseme "kutoka hali ya pumziko". Sikubaliani nao hata kidogo. Hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa kanzu. Apumzikaye amechoka, jiwe lililo juu ya mnara limechoshwa na nini? Utata wanaoulalamikia huondolewa na viambishi, navyo kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili anavijua kabla hajaingia darasani. Kosa ni la mwalimu asiyemwonyesha kwamba ujuzi huo ni sehemu ya hesabu. Vivyo hivyo, jiwe "lililoachiwa" limetupa kasi ya mwanzo, nayo ni sifuri. "Lililotupwa" halikutupa kitu.

Hatari kubwa zaidi imo katika kineno kidogo. Jiwe lililoachiwa huanguka, tusipohesabu ukinzani wa hewa, mita 44.1 katika sekunde tatu. Lakini katika sekunde ya tatu huanguka mita 24.5 tu. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza kwamba umbali wa vipindi sawa vinavyofuatana hukua kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7. Basi kipindi cha tatu kina fungu lake. Mtahini aliyekusudia "ya tatu" akaandika "tatu" amebadilisha swali zima, na mtoto aliyejibu sawasawa alichoulizwa ndiye atakayekatwa alama.