Daftari la Mashine Isiyo na Mwenyewe

Kuna ufundi usiopewa sifa zake: kufungua kompyuta au mashine ya gemu ya zamani, kuipiga picha ndani na nje, kunakili kila nambari iliyochapwa kwenye kila chipu, kisha kuyaweka yote mtandaoni ayasome yeyote. Anayeufanya Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, ataulizwa na majirani kwa nini anamaliza tokeni za stima kwa ajili ya takataka. Mimi nasema huyo ni mwanahistoria.

Waingereza walikua na ZX Spectrum ya mwaka 1982. Wengi wetu tulikua na "TV game": kisanduku cha plastiki kutoka Asia, kaseti za njano, pedi mbili na bunduki ya kuwinda bata. Kilikuwa nakala ya Famicom, mashine iliyotolewa na Nintendo nchini Japani Julai 1983, yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Famicom ina mwenyewe wa kuitunzia habari zake. Nakala haina, na hata boksi lake lilidanganya: kaseti iliyojigamba kubeba gemu 9999999 ilikuwa na chache tu, zikirudiwarudiwa kwa majina mapya.

Kwa hiyo mwandishi wa mashine hasadiki boksi. Anashika bisibisi, anafungua, anaweka rula kando ya ubao na kuupiga picha pande zote mbili, mwanga ukitoka ubavuni ili maandishi hafifu yasomeke. Akibahatika, atakuta chipu mbili za kampuni ya UMC ya Taiwan: UA6527P inayoendesha gemu, na UA6538 inayochora picha. Herufi P hainakiliwi kwa mazoea. UA6527 isiyo nayo ilikusudiwa televisheni za mfumo mwingine. Katika mashine za baadaye atakuta tone jeusi la gundi ngumu, na chini yake chipu moja iliyobeba kazi yote. Hapo ataandika kwamba hakuna kinachosomeka. Kubahatisha jina kungeharibu ukurasa mzima.

Herufi hiyo moja ina mambo. Televisheni zetu za analojia zilifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Za Japani zilionyesha takriban 60. Nakala za PAL zilipocheza gemu za Kijapani bila marekebisho, mwendo ulipungua kwa sehemu moja ya sita. Muziki ulikokota, Mario akakimbia polepole kuliko alivyokimbia Osaka. Kumbukumbu zetu za utotoni zina mwendo wake, na mwendo huo haumo katika nyaraka za Nintendo. Bunduki nayo ilitegemea televisheni ya kioo yenye kisogo kirefu. Mbele ya skrini bapa za leo haioni kitu. Ndiyo maana anayeandika vizuri huandika pia kuhusu televisheni iliyounganishwa.

Urusi imeonyesha kazi hii inaweza kufika wapi. Huko nakala iliyoitwa Dendy iliuzwa kuanzia 1992. Wapenzi wake waliifungua, wakaipima, wakachapisha matokeo, na leo programu kadhaa za kuigiza mashine za zamani zina chaguo la Dendy kando ya lile la Japani na la Ulaya. Nakala imepata kiti chake katika historia kwa sababu watu waliihesabu kwa uaminifu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kapasita za zamani huvuja na kula ubao. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo, na mizani yao haijui tofauti ya UA6527P na waya wa shaba. Kazi yenyewe haidai maabara: simu yenye kamera, bisibisi, mwanga, na subira ya kuandika kilichopo na kunyamazia kisichoonekana. Aliye na hivyo Kiplombe anaweza kuandika sura ambayo Kyoto, makao ya Nintendo, haiwezi kutuandikia.