«Ile si Liemba»: filamu ya African Queen ikitazamwa kutoka Uvira



Jumamosi iliyopita tulikusanyika kama watu kumi na tano kwenye parsele ya rafiki mmoja hapa Kavimvira. Shuka nyeupe ukutani, projekta ya kuazima, jenereta nyuma ya nyumba. Tulitazama filamu ya zamani ya John Huston, ya mwaka 1951, ile ambayo kwa Kifaransa wanaiita L'Odyssée de l'African Queen. Ni mimi niliyeichagua. Niliwaambia wenzangu: «Hii ni filamu ya vita ya ziwa letu, lazima tuione.» Mama yangu alikuja pia, akakaa nyuma na sinia lake la maharagwe, akichambua.

Mwishoni, pale meli ya vita ya Wajerumani inapotokea ziwani, wote tulinyamaza. Mama peke yake akasema kwa sauti: «Ile si Liemba.» Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Toka siku ile maneno hayo yananizunguka kichwani, na njo sababu ninaandika.

Kwa wale ambao hawajaiona: ni mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rose, dada wa mmisionari Mwingereza, anabaki peke yake baada ya askari kuchoma kijiji na kaka yake kufa. Charlie, mtu wa gongo na mafuta ya mashine, anamchukua kwenye mashua yake kuukuu inayoitwa African Queen. Wanashuka mtoni, wanapita chini ya risasi za ngome, wanapita maporomoko, wanang'atwa na mbu, wanaingiwa na ruba, wanapendana. Shabaha yao ni kuzamisha meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Na mwishowe inazama.

Niseme ukweli kwanza: filamu ni nzuri. Humphrey Bogart alipata Oscar juu ya kazi ile, na Katharine Hepburn anacheza kama mtu ambaye hajawahi kuogopa kitu isipokuwa uchafu. Sehemu kubwa haikupigwa studio. Walikuja kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Ubundu, halafu wakaenda Uganda. Unaona kabisa kwamba jasho lile si la kupaka. Na ile sehemu ya matete, mashua imekwama, njia haionekani, wawili wanajilaza wafe: mtu yeyote aliyewahi kuvua samaki pale Ruzizi inapoingia ziwani atasema, njo vile kabisa. Vijana wetu walipiga makofi mvua ilipoinua mashua. Mimi pia.

Kuna makosa madogo ambayo nayasamehe. Ule mto wanauita Ulanga, na Ulanga wa kweli uko Tanzania lakini maji yake yanaenda Rufiji, mpaka Bahari ya Hindi, hayafiki Tanganyika hata siku moja. Mwandishi wa riwaya ya kwanza, C. S. Forester, aliyeitoa mwaka 1935, alikuwa na haki ya kuchora mto wake. Filamu si somo la jiografia.

Kosa ninaloshindwa kusamehe ni kubwa zaidi. Ni swali la nani alizamisha ile meli.

Kwa sababu meli ilikuwepo kweli. Iliitwa Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikapakiwa mpaka Dar es Salaam, halafu treni mpaka Kigoma, na huko ikaungwa tena. Mwaka 1915 ilianza kutembea ziwani na ziwa likawa la Wajerumani. Upande wetu tulikuwa tumeshaonja: Agosti 1914, vita haijatimiza hata mwezi, walipiga Mokolobu kwenye pwani yetu, na wiki moja baadaye wakapiga Lukuga, Kalemie ya leo.

Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London kupitia Cape Town. Zilikokotwa juu ya milima ya Katanga kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu wetu waliokata miti na kutengeneza madaraja. Kwenye maji zilifanya kazi: tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Hadithi hii ina kila kitu cha kupendeza, njo maana Waingereza hawachoki kuiandika.

Lakini Götzen yenyewe hazikuigusa. Kamanda wao, Spicer-Simson, aliiona na hakutaka kupigana nayo. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, karibu na Kigoma, tarehe 26 Julai 1916, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi vizuri ili siku moja waje kuichukua tena. Kwa nini waizamishe wenyewe? Juu ya watu waliokuwa wanakuja kwa miguu.

Hapo filamu inanyamaza kabisa, na hapo njo pa kwetu. Jeshi la Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, lilikuwa limeanza kuvuka miezi michache mbele. Molitor alipita upande wa kaskazini, Kigali ikaanguka tarehe 6 Mei 1916. Olsen, Mdenmaki aliyetumikia Ubelgiji, alipita upande wetu wa kusini: wakavuka Ruzizi, wakaingia Usumbura na Kitega mwezi Juni, halafu wakateremka kuelekea Kigoma na reli. Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haitashikika, wakaizamisha meli yao. Tarehe 19 Septemba askari wa Kongo wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata, Oktoba 1917, wakafika Mahenge. Tombeur alirudi kwao, baadaye akapewa cheo cha baroni, «Tombeur wa Tabora». Askari aliyetembea mpaka Tabora hakupewa jina la mji wowote.

Kwa hiyo, ukiniuliza nani alizamisha meli ile, nitakujibu: miguu. Miguu ya askari waliovuka Ruzizi, na zaidi, miguu ya waliobeba nyuma yao. Huston anaweka mahali pa miguu hiyo Wazungu wawili na mitungi miwili ya gesi.

Mwenzetu mmoja, aliyesoma historia, alinipinga palepale. Alisema: «We agronome, hii ni filamu ya mapenzi. Unataka Bogart abebe Force Publique nzima ndani ya mashua?» Ana haki nusu. Sidai kwamba kila filamu ihesabu kila mtu. Lakini angalia jinsi hii inavyoanza. Mwanzo kabisa, askari weusi wa Wajerumani wanaingia kijijini, wanachoma nyumba, wanakusanya watu na kuondoka nao. Hapo Huston ameona ukweli: vita ile ilianza kwa kuchukua watu na kuchoma chakula. Kisha watu wale wanatoka kwenye filamu. Hatujui walipelekwa wapi, walibebeshwa nini, walirudi au hapana. Kinachobaki ni machozi ya Rose juu ya kaka yake. Mweusi anayerudi baadaye anarudi na bunduki, juu ya ukuta wa ngome, na kazi yake ni kukosa shabaha. Filamu yenyewe ilifungua mlango ule, na ikaufunga haraka.

Sasa niruhusuni niseme kama mtu wa fakilte ya agronomia, maana hapo njo naona kitu ambacho watu wa sinema na hata wa historia wanapita mbio.

Tufanye hesabu ndogo. Mpagazi anabeba, tuseme, kilo 25 za unga. Mtu anayetembea na mzigo siku nzima anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Kutoka Kigoma mpaka Tabora ni kama kilometa 400. Akitembea kilometa 20 kwa siku, ni siku 20. Atakuwa amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Atamfikishia askari kilo tano, na kurudi hana kitu. Sijataja mvua, wala kuhara, wala unga kuota ukungu. Hesabu ile inakuambia jambo moja tu: jeshi lile halikulishwa na mizigo. Lililishwa na ghala za watu waliokuwa njiani, na kila jeshi lililopita, la Mjerumani, la Mwingereza au la Mbelgiji, lilikula palepale mwenzake alipokula. Ukame ulipoongezeka juu yake, njaa ikaua. Wagogo wa Dodoma wana jina la njaa ile mpaka leo: Mtunya.

Kwa upande wa Wabelgiji peke yake, hesabu ya wapagazi inayotajwa mara nyingi ni 260,000. Fikiria watu hao wametolewa mashambani. Nani alipanda? Nani alipalilia? Mwaka 1917, vita ikiendelea, koloni likaweka sheria ya mazao ya lazima, na ikabaki hata vita ilipokwisha. Vita ya pili ilipokuja, askari wetu wakaenda ng'ambo mbali zaidi: Abisinia, ambako jenerali wa Italia, Gazzera, alijisalimisha kwao Saio mwezi Julai 1941, na hospitali ya jeshi iliyofika mpaka Burma. Huku nyumbani, mwaka 1942, siku za kazi ya lazima zikapanda kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Miezi minne ya mwaka haikuwa yako.

Nilipopata nafasi ya kusoma agronomia, bibi yangu hakufurahi sana. Aliniuliza: «Unaenda kuwa yule wa kupima mashamba na kutoza amande?» Alikuwa anakumbuka pamba ya bonde la Ruzizi, na agronome anayepita na daftari. Nilidhani ni mambo ya wazee. Leo naelewa kwamba kazi yangu, ile ninayoitafuta kila siku na diploma ndani ya bahasha, ilizaliwa nusu ndani ya vita ile. Hakuna filamu iliyonionyesha hivyo. Bibi njo alinionyesha.

Narudi kwa mama.

Götzen haikubaki chini. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mwaka 1997, baada ya ile vita tunayoijua wote, HCR waliitumia kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka hapa Uvira: safari 22 ndani ya miezi mitano, watu zaidi ya 75,000. Mama alikuwa mmoja wao. Mimi pia, lakini sikumbuki kitu, nilikuwa mgongoni. Nilizaliwa ng'ambo. Kwetu, tangu Kalundu mpaka juu Mulenge, neno ng'ambo si Ulaya. Ng'ambo ni ile milima unayoiona asubuhi ukifungua mlango, mahali unapokimbilia na mahali unapotoka kurudi.

Usiku ule, baada ya wengine kwenda, nilimuuliza: «Mama, ulijuaje kwamba si Liemba?» Akanijibu bila kuacha kuchambua: «Mi nililala juu ya chuma yake usiku mzima, na wewe unalia. Ile ya filme iko tupu. Liemba ilikuwa imejaa watu mpaka hakuna pa kuweka mguu.»

Nimesoma maoni mengi juu ya African Queen. Sijasoma moja lililonipa kitu kama lile. Mama hakujua majina ya Huston wala Tombeur. Aliona tu kwamba meli ya vita inayotembea bila watu ndani yake, bila mizigo, bila masufuria, haiwezi kuwa ya ziwa hili.

Basi itazameni, ndugu zangu, nasema kwa moyo. Chekeni na Bogart, msifuni Hepburn. Lakini itazameni pamoja na mtu mzima wa nyumbani, na mkifika pale kijiji kinapochomwa, simamisheni kidogo. Muulizeni kwao nani alichukuliwa, alibeba nini, alikula nini njiani, na nani alibaki na jembe. Walioiona 1916 kwa macho yao hawapo tena. Wajukuu wao bado wapo, na wengine wanachambua maharagwe nyuma yetu wakati sisi tunatazama ukuta. Andikeni majina. Mkiyapata, yaleteni hapa kwenye ukurasa wetu, mimi nitayasoma yote.