Kitenzi "Tembea" Kikifika Munigi

Utalii wa ndani katika ukanda huu una kitenzi chake kipenzi. Kenya ilijinadi kwa Tembea Kenya, Rwanda kwa Tembera u Rwanda. Ni chaguo la mtu anayejua lugha: amri isiyofoka, na kwa Kiswahili ina maana mbili, kwenda kwa miguu na kwenda kujifurahisha. Mwandishi wa makala za safari huuza ile ya pili, halafu huazima vumbi na jasho la ile ya kwanza ili simulizi lisikike kuwa la kweli.

Kipeleke kitenzi hicho Munigi, kaskazini tu mwa Goma huko Kongo, kwenye barabara iendayo Kibati walikoanzia wapandaji wa volkano ya Nyiragongo. Huku kutembea kuna tarehe zake. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa mlima ulipasuka, nyufa zikashuka hadi Munigi, lava ikakata mji na kuingia Ziwa Kivu; mamia ya maelfu ya watu walitembea, wengi wao wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikakomea Buhene. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihame, na barabara ya Sake ikafurika watu. Mwishoni mwa 2022 wakaja waliokimbia vita vya Rutshuru, wakafunga turubai zao Kanyaruchinya, juu ya mawe yaleyale ya lava.

Sisemi makala za safari zinadanganya. Nasema sarufi yake imeshonwa kwa mwili mwingine. Tazama kiambishi -ta-: utapanda, utahema, utafika ukingoni, utaona ziwa la moto. Mlima una mita 3,470, na kufikia sentensi ya tatu msomaji ameshaumaliza akiwa kitini. Wakati ujao ni rafiki wa muuzaji kwa sababu bado hauna shahidi. Sasa ngoja ifike bei. Ile u- iliyokuwa ikipanda na kuhema inatoweka ghafla: kibali kinapatikana kwa dola 300 (ndiyo iliyokuwa bei ya mgeni kabla hifadhi ya Virunga haijafungia watalii mlango Machi 2020). Kinapatikana, bila mtu kutoa hata senti! Msomaji aliyepewa miguu na macho hakupewa mfuko.

Kauli hiyohiyo ya kutendeka ndiyo inayozaa "mandhari isiyosahaulika", sifa iliyochakaa kuliko zote. Isiyosahaulika na nani? Huko Munigi ua wa nyumba umejengwa kwa mawe ya 2002. Mwenye ua huo akisomewa sifa hiyo, nadhani atauliza kama kuna mtu aliyewahi kujaribu kusahau.

Hoja inayonikera zaidi ni ya aibu: wageni wanavuka bahari kuja kuona, wewe mwenyeji hujafika hata siku moja. Kule Nairobi au Dar es Salaam hoja hiyo inachoma kweli, maana kuna umbali wa kuonea haya, na nauli ya kukopa. Hoja hii huishi kwa umbali. Huko Munigi haina pa kusimama, kwani mlima wenyewe ndio uliofika kwa mwenyeji, mara mbili katika miaka ishirini, bila kualikwa. Huwezi kumwaibisha mtu kwa kutomtembelea jirani aliyemvunjia nyumba.

Kama ningepewa makala ya mlima huu niiandike, ningeanza na neno mazuku. Ndivyo watu wa Goma na Sake wanavyoiita hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, haina rangi, inaua mbuzi na hata mtu aliyeinama. Wataalamu wa volkano wamelichukua kama lilivyo, wakaliingiza katika maandishi yao ya Kiingereza na Kifaransa. Hakuna u- ndani yake, wala -ta-, wala kivumishi cha kuremba. Linamweleza mama wapi asimwachie mtoto acheze, na mgeni anayelisikia kwa mara ya kwanza hutazama chini, mahali anapokanyaga, kabla hajainua macho kuutafuta mlima.