Ukwangala na mibuni: tunamsomaje Monica Wilson leo?

Wadau, ukisema unatoka Tukuyu, haichukui muda utaulizwa kama umesoma Good Company ya Monica Wilson (1951). Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi tu kuona kwetu kitabuni. Mara ya pili nikaanza kujiuliza: hivi hao marika, hela ya kodi waliitoa wapi?

Monica na mumewe Godfrey walifanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Miaka hiyo hiyo machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, yalikuwa yamechangamka, na vijana wa Kinyakyusa walikwenda huko kutafuta hela. Kitabu hakifichi hilo, ila kinalisogeza pembeni. Katikati kimeweka vijiji vya rika: vijana wanaondoka kwa baba zao, wanajenga pamoja, wanakula pamoja. Raha hiyo ya kukaa na wenzako ndiyo ukwangala.

Tumezoea kusoma ubepari wa walowezi kupitia Kenya, ambako Wazungu walitwaa nyanda za juu na wenyeji wakageuka vibarua. Kwa hiyo tunadhani Rungwe ilisalimika. Mashamba ya chai yalikuwepo, ndiyo, kama Kyimbila, lakini ardhi nyingi ilibaki mikononi mwa wenyeji. Kumbe matabaka yalipitia mlango mwingine: mbuni. Zamani, kizazi kipya kilipokabidhiwa nchi kwenye ubusoka, ardhi iligawanywa upya. Maharage unavuna, unahama. Mbuni unadumu miaka na miaka. Aliyeupanda habanduki, na akifa anataka mwanawe aurithi. P. H. Gulliver aliyaandika haya miaka ya 1950: ardhi inabana, wenye kahawa wanaishikilia kama mali yao binafsi. Asiye na mibuni, njia yake ni migodini.

Haki yake tumpe Wilson. Mwaka 1977, kwenye For Men and Elders, aliyarudia mabadiliko haya na kuyafuata hadi 1971. Lakini hata humo, kwa maoni yangu, neno "vizazi" linabebeshwa mzigo wa neno "tabaka".

Na kuna jambo lingine. Vijiji vya rika vilikuwa vya wanaume. Mke alifuata rika la mumewe. Shangazi zangu walichuma kahawa ya babu tangu utotoni. Siku ya kugawa, shamba lote likaenda kwa baba zangu. Shangazi mmoja mpaka leo anaidai mistari mitatu ya mibuni, ile iliyo karibu na mto.