Manjano, Udaku na Chumvi: Kuhusu Istilahi za Uandishi wa Kusisimua

Mfasiri anayeandika "uandishi wa manjano" huhamisha rangi na kuacha historia yake New York. Rangi hiyo ni ya vazi refu la mtoto wa katuni za Richard Outcault, zilizotoka katika gazeti la World la Joseph Pulitzer hadi William Randolph Hearst, aliyenunua Journal mwaka 1895, alipomvuta mchoraji huyo upande wake. World likampa mchoraji mwingine kazi ya kumwendeleza mtoto yuleyule. Mwaka 1897 Ervin Wardman, mhariri wa New York Press, aliligeuza jina hilo kuwa tusi dhidi ya magazeti yote mawili. Istilahi, basi, ilizaliwa kama kejeli ya mshindani sokoni, wala haikuwa kipimo cha kitaaluma.

Kiswahili kina neno lake, udaku, linalochukuliwa kwa wepesi kuwa kisawe. Hapo pana kasoro kubwa zaidi. Udaku hutaja mada: siri za watu, ndoa, fumanizi. Journal la tarehe 17 Februari 1898 halikuhitaji udaku. Siku mbili baada ya manowari Maine kulipuka Havana, lilitangaza katika ukurasa wa kwanza kwamba ni kazi ya adui, likaahidi dola 50,000 kwa atakayemfichua mhusika. Hakuna uchunguzi uliokuwa umekamilika. Ule wa Admirali Hyman Rickover, uliochapishwa mwaka 1976, ulielekea kwenye chanzo cha ndani ya meli yenyewe. (Kwamba magazeti peke yake yaliiingiza Marekani vitani na Hispania ni dai ambalo nalo limetiwa chumvi.)

"Kutia chumvi" kunakaribia zaidi, kwa kuwa hutaja mbinu. Hata hivyo, chumvi hutiwa katika chakula kilichopo. Hapa mlipuko ulikuwapo, ila adui alipakuliwa kabla hajapikwa. Jina la tendo hilo ni uzushi.

Tofauti hii haiwahusu wanaisimu pekee. Mwaka 1887 World lilichapisha habari za Nellie Bly, aliyejifanya mwenye wazimu ili aingie katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blackwell's Island. Mbinu ilikuwa ya kusisimua. Mateso aliyoyaeleza yalikuwa ya kweli, na fedha za kuwahudumia wagonjwa zikaongezwa. Kanuni inayokataza "habari za kusisimua" ingemnyamazisha Bly. Inayokataza udaku ingeliacha Journal lipite, maana lilizungumzia usalama wa taifa. Mtunga sera anayeingiza maneno haya katika rasimu hana budi kueleza anachokusudia: mada, mtindo, au ukosefu wa ushahidi. La tatu ndilo linaloweza kupimwa mahakamani bila kutegemea ladha ya msomaji.