Pipa, Chelezo na Mikono Miwili: Mwanga Ulivyoshushwa Baharini

Mwaka 1893 mwanabiolojia Louis Boutan alikuwa tayari na kamera ya kuzama. Alifanya kazi katika maabara ya Arago huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, na kasha lake la shaba lilichorwa na ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi. Hata mgandamizo wa maji ulikuwa umefikiriwa: kasha liliunganishwa na puto la hewa la kuusawazisha. Kilichokosekana ni mwanga. Kwa jua peke yake, baadhi ya picha zake zilihitaji lenzi iachwe wazi hadi nusu saa, na hakuna samaki anayekaa nusu saa akisubiri kupigwa picha.

Fundi umeme aitwaye Chauffour alimtengenezea chupa ya kioo iliyojazwa oksijeni, ndani yake ukanda wa magnesiamu uliowashwa kwa umeme. Hiyo ni balbu ya flashi, zaidi ya miaka 30 kabla balbu za namna hiyo hazijaanza kuuzwa madukani. Iliwaka, lakini mwanga wake haukuwa sawasawa, na mara nyingine chupa ilipasuka. Boutan akaiweka kando, akachukua pipa.

Pipa lenyewe lilikuwa la lita 200, limejazwa hewa iliyoongezwa oksijeni. Juu yake palikaa taa ya spiriti, imefunikwa kwa kengele ya kioo. Mpiga picha aliminya kipira, unga wa magnesiamu ukapulizwa kwenye mwali, ukawaka ghafla. Hewa ya pipa ndiyo iliyoulisha moto huo chini ya maji. Ni ufundi mzuri, na mimi naupenda kuliko vifaa vingi vya leo vyenye vioo vya namba na vitufe kumi. Ila piga hesabu: pipa la lita 200 lenye hewa husukumwa juu na maji ya bahari kwa nguvu ya kuinua kilo 200 na ushei. Ili litulie chini, lazima lifungiwe uzito wa kuishinda nguvu hiyo. Tena magnesiamu ikiungua hutoa moshi mweupe, nao ukishatanda ndani ya kengele, mwanga wa mwako unaofuata hautoki wote.

Kwa hiyo taa ya Boutan haikuweza kumfuata kiumbe. Pipa lilikaa mahali, kamera ikapangwa kulingana na pipa, kisha mtu akaomba Mungu kitu kipite mbele. Mwaka 1899 alipiga hatua nyingine kwa taa za umeme za tao zilizotumia betri, akapata picha kwenye kina cha mita 50. Kina kikawa kimeshindwa. Wepesi wa kuisogeza taa bado.

Wamarekani wawili walijaribu njia nyingine mwaka 1926 katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida. Mtaalamu wa samaki William Longley na Charles Martin, mpiga picha wa National Geographic, walitaka picha za rangi. Sahani za autokromi walizotumia, uvumbuzi wa ndugu Lumière ulioingia sokoni mwaka 1907, zilikuwa nzito mno kupokea mwanga. Martin akaziongezea wepesi kwa dawa. Longley akashuka na kamera, na juu yake kikaelea chelezo kilichobeba unga wa magnesiamu, karibu nusu kilo kwa mwako mmoja. Akibonyeza, unga unalipuka juu ya maji na mwanga unashuka. Picha zilitoka kwenye toleo la Januari 1927, zikiwa za kwanza za rangi kupigwa chini ya maji. Unga huo ulikuwa hatari, na Longley mwenyewe uliwahi kumuunguza vibaya. Na pamoja na nguvu zote hizo, mwanga ulifaa hadi mita 4 au 5 tu.

Nusu kilo ya magnesiamu, mita 5. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu wazamiaji wengi wanaonunua taa leo bado wanafikiri kama chelezo kile: ongeza nguvu.

Maji hula rangi nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 hivi, sehemu kubwa ya wekundu wa jua imeshapotea, na kitu chekundu huanza kuonekana cha kijivu. Mwanga wa taa yako nao haupewi msamaha. Pweza akiwa mita 2 kutoka kwako, mwanga umepita mita 4 za maji kabla ya kuingia kwenye lenzi, kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo, ukirudi nyuma umbali mara mbili, mwanga unaomfikia hubaki robo hata kabla maji hayajachukua chake. Anayenunua flashi yenye nguvu maradufu huongezewa umbali kama asilimia 40 tu akiwa hewani. Majini hata hizo hazifiki. Kusogea nusu mita mbele ni bure, na kunaleta zaidi.

Suala la pili ni chembechembe. Taa ikikaa ubavuni mwa lenzi, huwasha kila chembe ya mchanga na planktoni iliyo kati yako na samaki, na chembe hizo hurudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera. Dereva aliyewasha full nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi anaijua hali hiyo. Kuongeza mwanga hapo ni kuongeza vumbi.

Kilichomaliza uzito wa pipa ni umeme. Harold Edgerton wa chuo cha MIT aliiendeleza flashi ya kielektroniki kuanzia miaka ya 1930: kapasita inajaa umeme, kisha inaumwaga wote kwa mpigo kwenye mrija wa gesi ya ksenoni. Kuanzia 1953 alifanya kazi na Jacques Cousteau, na mabaharia wake wakambatiza jina la Papa Flash. Flashi za majini za leo zinafuata kanuni hiyohiyo ndani ya kasha linaloshikika kwa mkono mmoja.

Ikawa taa inaweza kukaa popote. Hapo ndipo mikono miwili ya alumini ilipopata thamani yake, ile yenye viungo vya mviringo ubavuni mwa kasha la kamera. Mtazame mzamiaji anayejua kazi akimkaribia pweza mlangoni mwa shimo. Anasogea hadi sentimita 60. Anazisukuma flashi mbali na lenzi, moja kushoto, moja kulia, na kuzirudisha nyuma kidogo ya kioo cha mbele. Kisha anafanya jambo ambalo mgeni huliona kinyume: anazigeuza zitazame nje, si kumlenga pweza. Kingo za miale miwili ndizo zinazomgusa mnyama, na maji yaliyo mbele tu ya lenzi yanabaki gizani. Chembe zipo palepale, ila hazikuwashwa.

Video ina masharti magumu zaidi, kwani taa lazima iwake muda wote, wakati flashi humwaga nguvu yake yote kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mchana, kwenye kina kifupi, hata taa ya lumeni 10,000 inashindana na jua, na kitu kikiwa mita kadhaa mbele huoni ilichoongeza. Huko kisiwani Mafia, papa potwe hufuata planktoni, yaani hufuata chembe zilezile zinazoharibu picha. Naye ni mkubwa mno kuangazwa kwa taa za mkononi. Zima taa, kaa karibu na uso wa maji, liache jua lifanye kazi. Flashi kwa mnyama huyo inakatazwa sehemu nyingi hata hivyo.

Basi mwenye fedha za kitu kimoja tu mwaka huu, na tayari ana taa moja ya wastani, asiiuze ili anunue kubwa zaidi. Anunue mkono mrefu.