Maarifa ya Wengi katika Diwani ya Mmoja

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alishikilia kwamba kila uwezo wa juu wa akili hutokea mara mbili: kwanza baina ya watu, kisha ndani ya mtoto mwenyewe. Nadharia hiyo imewafaa sana walimu. Inapoletwa katika uhakiki wa ushairi wa Mvita, hata hivyo, inapwaya mahali pamoja. Katika maelezo ya Vygotsky daima pana aliyetangulia kujua, naye humwinua mwenziwe. Washairi waliojibizana walikuwa mahasimu.

Tungo nyingi za kisiasa za Muyaka bin Haji (1776-1840) zilikuwa sehemu ya malumbano kati ya Mombasa na wapinzani wake, Lamu ikiwa miongoni mwao. Anayejibu hulazimika kulifumbua fumbo la hasimu wake kabla ya kulifumba lake. Hakuna anayefunza, wala hakuna anayekubali kufunzwa. Hata hivyo hadhira huondoka na ufahamu wa vita na hila zake ambao hakuna mlumbi aliyekuwa nao kabla ya kuchokozwa. Ujuzi huo ni wa nani?

Diwani yenyewe ni ushahidi mzito zaidi. Tungo hizi ziliishi katika kumbukumbu za watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzifafanua, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz akazihariri na kuzichambua upya mwaka 1979. Anwani ya chapa ya 1940 inamtaja Muyaka na Hichens, Sikujua hayumo. Mwanafunzi anayeandika "Muyaka anakusudia" anapoeleza neno lililokwisha kufa, huenda anamnukuu Sikujua, tena (jina lenyewe linachekesha) bila kujua.

Hilo linaweza kurekebishwa. Lililo gumu ni majibu yaliyopotea. Utungo uliosalia bila jibu lake husomwa kama usemi uliokamilika, na ukali wake ukahesabiwa kuwa tabia ya mshairi, ilhali pengine ulikuwa kauli ya tatu katika mabishano ambayo kauli yake ya pili, iliyouchochea ukali huo, haikupata wa kuihifadhi.